Mchanga Mweusi wa Kakonko: Uchambuzi wa Kisa cha Koltani Iliyokuwa Bati

Kikundi cha wachimbaji wadogo kutoka wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma, kilitumia kiangazi kizima kukusanya mchanga mweusi mzito kutoka kwenye kijito kimoja na kwenye maduara mafupi, yaani mashimo ya uchimbaji, yaliyochimbwa kando yake. Waliuosha kwa karai, wakaukausha juani, wakaujaza kwenye viroba na kuuleta Kigoma mjini. Mnunuzi wa kwanza aliupima kwa mizani na ndoo ya maji, akafungua jedwali lake, akawaambia kuwa wana koltani yenye oksidi ya tantali asilimia 46. Alitaka kuichukua kwa mali kauli, nao wakakataa. Mnunuzi wa pili alikuja na kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei, akasoma tantali asilimia 5. Kikundi kiliamini kwamba mmoja kati ya wawili hao ni mwizi, na kwa kuwa wa pili ndiye aliyetaja namba ndogo, lawama zote zilimwangukia yeye.

Sampuli ililetwa kwangu kwa sababu nafundisha kemia, na maabara ya shule ina mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ina asidi na ina vipande vya zinki. Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa makamo mwenye subira kuliko vijana wake, alisema maneno machache: "Mwalimu, sisi hatutaki kusifiwa mali yetu. Tunataka kujua ni nini." Ninaandika kisa hiki kwa sababu jibu lilikuwa la kushangaza kidogo: wanunuzi wote wawili walisoma vipimo vyao sawasawa. Mizani ya kwanza haikudanganya, wala kifaa cha pili hakikuharibika. Tatizo lilikuwa ni kile ambacho kila kipimo kinaweza kusema na kile kisichoweza.

Kinachonunuliwa ndani ya koltani

Koltani ni jina la biashara la kundi la madini ambayo ndani yake metali mbili, tantali na niobi, hukaa pamoja na chuma na manganizi katika oksidi moja. Mnunuzi hulipia tantali. Bei ya kimataifa hutajwa kwa ratili ya oksidi ya tantali iliyomo, si kwa uzito wa mchanga, na niobi iliyomo humo mara nyingi hailipiwi kitu, kwa kuwa dunia hupata sehemu kubwa ya niobi yake kutoka Brazil, katika miamba ya aina nyingine kabisa, kwa wingi na kwa gharama ndogo zaidi.

Thamani ya tantali inatokana na tabia zake. Ni metali yenye namba ya atomu 73 na densiti ya takriban gramu 16.6 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali ya risasi ni 11.3. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 3017 za Selsiasi, kiwango ambacho ni metali chache tu, kama vile tungsteni, zinazokipita. Katika joto la kawaida asidi nyingi haziigusi, hata ule mchanganyiko wa asidi mbili unaoyeyusha dhahabu, kwa sababu uso wake hujivika utando mwembamba mno wa oksidi unaoshikamana nao na kujirudisha unapokwaruzwa. Asidi ya hidrofloriki ndiyo inayoushinda utando huo.

Utando huohuo ndio unaotafutwa na viwanda vya elektroniki. Unga laini wa tantali hushindiliwa, ukapashwa moto ndani ya ombwe hadi chembe zishikane na kuacha vinyweleo vingi katikati, kisha ukatumbukizwa kwenye kimiminika na kupitishiwa umeme ili oksidi iote juu ya kila uso wa ndani. Unene wa oksidi hufuata volti iliyotumika, chini ya nanomita 2 kwa kila volti moja, na uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni karibu mara tatu ya ule wa oksidi ya alumini. Hivyo ndivyo kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, iliyo ndogo kuliko punje ya mchele inavyoweza kufanya kazi ndani ya simu au ndani ya kifaa cha kusaidia moyo. Matumizi mengine yapo, kama aloi za mapanga ya injini za ndege, mabomba ya viwanda vya asidi na vipandikizi vya mifupa, lakini kapasita ndizo zilizoufanya mchanga mweusi wa Maziwa Makuu utafutwe.

Kutenganisha tantali na niobi si kazi ya tanuri la kijijini. Madini huyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuua, kisha metali hizo mbili hutenganishwa kwa vimiminika maalumu. Kwa hiyo mchimbaji hana njia ya kuongeza thamani kwa kupunguza niobi iliyomo ndani ya punje. Anachoweza ni kuondoa punje ambazo si koltani kabisa, na hapo ndipo kisa hiki kilipo.

Namba ya kwanza: 6.4

Mnunuzi wa kwanza alipima densiti. Hakuna ujinga katika hilo. Katika kundi hili la madini, punje yenye niobi bila tantali ina densiti ya 5.2 hivi, na yenye tantali bila niobi hufikia 8 au kuzidi kidogo. Kati ya ncha hizo mbili densiti hupanda kadiri tantali inavyoongezeka, karibu kwa mstari ulionyooka. Mtu akipata 6.4, jedwali litampeleka kwenye oksidi ya tantali ya asilimia 46 au karibu na hapo. Wanunuzi wa ukanda huu hutumia njia hii kwa sababu haihitaji umeme wala ada ya maabara, na kwa mali safi inafanya kazi.

Nilirudia kipimo hicho kwa gramu 100. Kikopo chepesi kilichotobolewa kilining'inizwa chini ya mizani, kikapimwa kwanza kikiwa kitupu ndani ya maji, kisha kikiwa na mchanga uliokwisha kulowekwa na kukorogwa ili viputo vya hewa vitoke. Mchanga ulipungua uzito kwa gramu 15.6. Mia ukigawanya kwa 15.6 unapata 6.4. Mnunuzi alikuwa sahihi.

Hata hivyo, kuna jambo la kusema kuhusu usahihi huo kabla hatujaenda mbele. Yeye alipima kiganja kimoja, tuseme gramu 20, kwa mizani ya jikoni. Gramu 20 za mchanga wa densiti hiyo hupungua kwa gramu 3.1 tu majini. Mizani ikikosea kwa gramu 0.2 juu au chini, densiti itatoka 6.1 hadi 6.9, na jedwali litatoa jibu lolote kati ya asilimia 35 na 60. Kwa gramu 100, kosa lilelile la mizani husogeza densiti kwa chini ya 0.1. Kwamba alipata namba sahihi kwa sampuli ndogo namna ile ni bahati, au ni mkono uliozoea kazi.

Lakini tatizo kubwa halikuwa mizani. Jedwali lake linachukulia kwamba kila punje iliyomo ni koltani. Densiti ya mchanganyiko ni wastani wa vyote vilivyomo, na 6.4 inaweza kupatikana kwa njia nyingi sana. Madini ya bati, yaani kasiterati, yana densiti inayokaribia 7, ni meusi au ya kahawia, huzaliwa katika miamba ileile ya pegmatiti (miamba ya moto yenye fuwele kubwa) na hubaki kwenye karai ileile kwa kuwa nayo ni mazito. Ilmenaiti, madini ya chuma na titani, nyeusi pia, ina 4.7. Ukichanganya bati nyingi na niobi nyingi, wastani utaangukia palepale ambapo koltani nzuri ingekaa, na maji ya ndoo hayana namna ya kujua tofauti.

Densiti iliwahi kuwatatiza hata wakubwa wa fani. Charles Hatchett alitangaza elementi mpya, ambayo leo tunaiita niobi, mwaka 1801 kutoka kwenye jiwe la Marekani, na Anders Gustaf Ekeberg wa Uppsala, Sweden, akatangaza tantali mwaka 1802. Mwaka 1809 William Hyde Wollaston alilinganisha madini ya wote wawili. Moja lilikuwa na densiti ya 5.918 na lingine karibu 8, naye pamoja na tofauti hiyo akahitimisha kuwa elementi ni ileile moja. Ilichukua hadi mwaka 1844 kwa Heinrich Rose kuonyesha kwamba ni mbili, na hadi miaka ya 1860 kwa Marignac wa Geneva kupata njia nzuri ya kuzitenganisha. Wollaston alikuwa na namba sahihi mkononi akaipuuza, na mnunuzi wetu alikuwa na namba sahihi akaiamini kupita kiasi. Mimi ningemsamehe wa pili kwa urahisi zaidi.

Shanga nyeupe

Ushahidi wa kwanza wa kweli haukutoka maabara. Kijana mmoja wa kikundi alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba walikuwa wamempelekea mhunzi mchanga huo, akauchanganya na mkaa na kuuvuvia kwa mivukuto kwa muda mrefu, wakapata shanga chache za metali nyeupe inayong'aa. Walizificha, wakiamini kuwa hiyo ndiyo tantali yenyewe. Nilimwomba alete mojawapo.

Tuliiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya jiko la mkaa. Iliyeyuka upesi, ikazunguka kwenye kijiko kama tone la zebaki. Jambo hilo peke yake linafunga mjadala: bati huyeyuka kwenye nyuzijoto 232, na tantali huhitaji zaidi ya 3000, joto ambalo hakuna mkaa wala mvukuto unaoweza kulifikia. Isitoshe, mkaa wenyewe hauwezi kuipokonya tantali oksijeni yake katika moto wa mhunzi, ilhali oksidi ya bati huachia metali kwa mkaa bila ugumu mwingi, na ndiyo sababu binadamu wamelijua bati kwa maelfu ya miaka na tantali kwa karne mbili tu na ushei. Mhunzi alikuwa amefanya uchambuzi wa kemia bila kuambiwa, na matokeo yake yalikuwa bora kuliko ya jedwali.

Kilichobaki ni kujua bati ni kiasi gani. Punje chache zilitiwa kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa pamoja na vipande vya zinki, dirisha likiwa wazi kwa kuwa gesi ya hidrojeni hutoka. Punje za kasiterati hupata ganda la kijivu la metali ya bati ambalo hung'aa likisuguliwa kwa kitambaa, na punje za koltani hazibadiliki hivyo. Zaidi ya nusu ya punje zilivaa ganda. Asiye na zinki ya maabara anaweza kutumia kopo la ndani la betri kavu ya tochi lililosafishwa vizuri.

Baada ya hapo ilitumika sumaku. Sumaku ya kawaida ya spika ilitoa magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa kwa urahisi, kidogo sana. Sumaku kali ya neodimi, iliyofunguliwa kutoka kwenye diski ya kompyuta mbovu na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ilivuta punje nyeusi nyingi, zile za koltani pamoja na ilmenaiti, na kuziacha zile za bati, ambazo kwa kawaida hazivutwi. Kupitisha sumaku mara kadhaa juu ya tabaka jembamba lililotandazwa kwenye karatasi kulitoa mafungu mawili: lisilovutwa lilikuwa karibu theluthi mbili ya uzito wote, na lililovutwa theluthi moja na kitu. Punje za fungu la pili zilipokwaruzwa kwenye mgongo wa kigae usio na rangi ziliacha mstari mweusi wenye wekundu, na za fungu la kwanza ziliacha mstari uliopauka.

Punje za koltani zilizochambuliwa kwa jicho kutoka fungu lililovutwa, zikiondolewa ilmenaiti kadiri ilivyowezekana, zilipimwa tena majini. Densiti yake ilikuwa 5.7. Sasa jedwali la mnunuzi wa kwanza lilikuwa na haki ya kusema, nalo linasema: oksidi ya tantali asilimia 21 hivi, niobi ikiwa nyingi zaidi ya mara mbili. Tukichukua kwamba mchanga mzima una bati asilimia 65, koltani hiyo asilimia 30 na ilmenaiti asilimia 5, wastani wa densiti unarudi palepale, 6.4. Na oksidi ya tantali katika mchanga mzima inakuwa theluthi ya 21 kasoro kidogo, yaani asilimia 6 na ushei.

Namba ya pili: 5

Hapa mnunuzi wa pili anapata haki yake. Kifaa chake kilisoma tantali asilimia 5, niobi karibu 12 na bati karibu 51. Kifaa cha namna hiyo kwa kawaida huonyesha elementi, na soko la tantali huzungumza kwa oksidi. Ili kubadili tantali kuwa oksidi yake unazidisha kwa 1.22, na 5 inakuwa 6.1. Hesabu ya sumaku na ndoo, na hesabu ya eksirei, zilikutana bila kuagana.

Nilimwuliza mwenyekiti kama mnunuzi huyo aliwaonyesha mstari wa bati kwenye kioo. Alijibu kwamba aliwaonyesha, lakini hakuna aliyeuangalia. Wote walikuwa wakitafuta herufi mbili za tantali. Nadhani hapo ndipo hasara ilipokuwa inaandaliwa. Mchanga wenye metali ya bati nusu ya uzito wake ni bidhaa halali yenye soko lake: bei ya bati hutangazwa kila siku London, na viyeyushio hulipa kwa kukata gharama zao kutoka kwenye bei hiyo. Kikundi kilikuwa kimekaa juu ya mali ya kuuzika na kugombana kuhusu kilichokuwa uchafu wake.

Kifaa cha eksirei nacho kina mipaka yake. Husoma doa dogo la uso, kwa hiyo punje moja kubwa ya koltani ikikaa mbele ya dirisha lake, jibu linapanda. Mistari ya eksirei ya tantali pia iko jirani sana na ile ya shaba na ya tungsteni, na kifaa kisichosawazishwa kwa madini ya aina hii kinaweza kuhesabu kimoja badala ya kingine. Tiba ni kusaga sampuli iwe unga na kuisoma mara kadhaa.

Sampuli yenyewe nayo ina kanuni. Kwenye kiroba kilichosafiri kwa lori kutoka Kakonko kwa barabara ya vumbi, punje hujipanga upya kwa ukubwa na uzito, na kiganja cha juu hakiwakilishi kilichopo chini. Viroba vyote vilimwagwa kwenye turubai, vikachanganywa kwa koleo, lundo likasawazishwa na kugawanywa robo nne. Robo mbili zinazotazamana zikabaki na mbili zikarudishwa, na kazi ikarudiwa hadi ikabaki kilo moja. Sehemu ya kilo hiyo ilipendekezwa ipelekwe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, kwa sababu cheti cha mwalimu wa sekondari hakiuzi kitu.

Yaliyobaki

Mambo mawili hayakuhusu namba za tantali lakini yangeweza kuuzuia mzigo. La kwanza ni mionzi. Koltani mara nyingi hubeba urani na thori ndani ya punje zake, na kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huanza kuihesabu mali ya asili kama shehena ya mionzi inapozidi bekereli 10 (kipimo cha nguvu ya mionzi) kwa gramu kwa elementi hizo. Kwa Tanzania, kipimo hicho ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kutenga bati na koltani kwa sumaku kunasaidia hapa pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya mionzi huenda na fungu la koltani.

La pili ni asili ya mali. Kigoma inatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, na Burundi iko jirani na Kakonko. Tanzania ni mwanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ambao tangu Azimio la Lusaka la Desemba 2010 una utaratibu wa vyeti kwa madini manne: dhahabu, bati, tungsteni na koltani. Vijana wa kikundi walisema kwamba sayansi inaweza kuthibitisha mali yao ni ya Kakonko. Inaweza kwa sehemu: taasisi ya jiolojia ya serikali ya Ujerumani imebuni njia ya kulinganisha umri na elementi adimu za punje za koltani na sampuli za machimbo yanayojulikana. Lakini ukanda wa madini haya unavuka Rwanda, Burundi na kaskazini-magharibi mwa Tanzania bila kujali mipaka, umri wa miamba yake ya pegmatiti unakaribiana, na pasipo sampuli ya marejeo kutoka kijito chao hakuna cha kulinganishwa nacho. Daftari la uzalishaji lenye tarehe, uzito na namba ya leseni ya uchimbaji mdogo lina nguvu zaidi kuliko maabara yoyote, na daftari hilo hawakuwa nalo.

Mwenyekiti alichukua uamuzi wa kutenga viroba vyote kwa sumaku kabla ya kuvipeleka soko la madini. Bati litauzwa kwanza. Koltani yao, yenye tantali ndogo na niobi nyingi, ni kidogo mno kumvuta mnunuzi peke yake kwa sasa, hivyo imewekwa kando kwenye viroba vyenye alama, mbali na nyumba wanazolala watu, na daftari limeanzwa kuandikwa kwa jina la mchimbaji mmoja mmoja na duara lake.